Maji ya Pipa la Kabichi

Kijijini kwetu kila mtu atakwambia kwamba mama mkwe wangu, Todosia, alimuua nguruwe kwa mapenzi. Siku hizi wanalisema kwa kucheka, wakiwa baa na glasi za pombe ya plamu mkononi: bibi wa watu alimpikia nguruwe mpaka akamzika. Mimi nikisikia hivyo nanyanyuka naondoka. Wanadhani naona haya kwa ajili ya marehemu. Waache wadhani hivyo hivyo.

Nyumba ni ya Todosia, niliseme hilo mapema. Mumewe aliijenga kwa mbao za mwaloni alizozibeba begani kutoka msituni, na yeye mwenyewe amelala nyuma ya kanisa, hatua mia tatu kutoka mlangoni. Pembeni ya kaburi lake iliachwa nafasi ya mke. Chini ya dirisha Todosia alikuwa na sanduku la nguo zake za kuzikiwa: blauzi nyeupe, sketi nyeusi, soksi za sufu alizozifuma kwa mkono wake. Kila theluji ilipoyeyuka alizitoa uani akazianika, akazikung'uta na kusema, "Bado zinanitosha. Nimekonda, zitanitosha zaidi." Hakuwa na tamaa nyingine duniani. Alitaka afe kitandani mwake, atolewe kwa mlango wake, apelekwe hatua zile mia tatu.

Mume wangu Gavril, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa ameshaanza kuchoka naye. Mwezi wa tisa mama alisahau kufunga mlango wa jiko la kuni, kaa likaruka, zulia likaungua na mguu mmoja wa meza. Gavril akamwambia mbele yangu, "Mama, jambo moja tu zaidi. Moja! Nakupeleka kwa Paraschiva."

Paraschiva ni dada yake Gavril, anakaa mjini Sighet, ghorofa ya nne. Todosia alishawahi kulala huko siku mbili, akarudi akiapa kwamba kule hata kifo hakiwezi kupanda ngazi.

Basi, mwaka ule baridi ilituvamia mapema. Mwanzoni mwa Desemba mto ulikuwa umeshaganda, kuku tumewahamishia jikoni, na ukitema mate nje yanagonga chini kama punje. Bandani tulikuwa na nguruwe wa kilo mia na sitini tuliyemnenepesha kwa ajili ya Ignat, tarehe ishirini, siku ambayo bonde zima huchinja. Gavril kiwanda cha mbao kilimlipa pale kilipojisikia. Nguruwe yule ndiye alikuwa mafuta yetu ya kupikia mpaka Desemba nyingine, ndiye soseji, ndiye nyama ya kukausha kwa moshi darini, ndiye Krismasi ya watoto wangu wawili. Ukiwa na nguruwe una mwaka. Ukimkosa, unahesabu viazi.

Todosia alimwita Bwana Mkubwa. "Bwana Mkubwa kaamkaje? Bwana Mkubwa kala?" Alimkuna nyuma ya sikio, akamsimulia habari za kanisani. Ndiyo maana kila Ignat mama alikaa chumba cha nyuma. Kwetu mtu anayemhurumia nguruwe hasimami karibu wakati wa kuchinja, kwa sababu huruma humshikilia mnyama, roho haitoki, anateseka. Todosia mwenyewe aliliamini hilo. Siku ikifika alijipeleka chumbani bila kuambiwa, akajiziba masikio kwa pamba, akasali mpaka tumwite aje kukaanga.

Baridi ilipozidi alianza kumpikia. Simaanishi makombo. Alichemsha viazi, pumba, maganda ya tufaha, akaponda kwa mwiko, akaonja kwa kidole ajue kama si moto sana. Mvuke ukajaa jikoni, madirisha yakatoa jasho, na kuni zangu zikateketea.

"Mama, kuni zinaisha," nilimwambia.

"Zinaisha zikifanya kazi."

"Wajukuu zako wanalala na makoti, nguruwe ananyweshwa supu!"

"Nguruwe akitetemeka anaunguza mafuta yake mwenyewe. Unataka Gavril achinje ngozi na mifupa? Haya, mnyime."

Hapo hakukosea, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikuwa na tabia mbaya ya kutokukosea.

Ilipofika tarehe nane nguruwe alianza kuchagua chakula. Ananusa, anageuka, analala kwenye majani. Todosia akashuka chini ya nyumba kwenye pipa la kabichi, akachota yale maji ya chumvi ambamo kabichi zimelowekwa tangu Oktoba, akayapasha moto, akayamimina juu ya viazi. Akatupia na konzi ya chumvi iliyobaki tulipotia nyama chumvi mwaka uliopita. Usicheke. Kwetu maji ya kabichi ndiyo yanayomrudishia mlevi akili zake asubuhi, ndiyo anayopewa mama aliyejifungua akikosa hamu ya kula. Mama yake Todosia aliwapa nguruwe wake, na bibi yake pia. Bwana Mkubwa alikula mpaka akalamba ubao.

"Umeona?" Todosia akaniambia, macho yanamcheka. "Ila chumvi inataka maji. Saveta, sikia, maji yake yasikose hata mara moja."

Maji yalikuwa kazi yangu. Kisima chetu kiko chini ya mteremko, na njia ilikuwa barafu tupu. Yeye na nyonga yake angevunjika hatua ya tatu. Nilibeba ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Kabla ya kumimina ilibidi kuvunja kwa shoka barafu ya hori la maji, nyuma ya banda, upande unaopigwa na upepo. Vidole vyangu vilipasuka vikatoa damu. Sisemi hivyo ili unionee huruma, nataka tu ujue.

Jumanne nilirudi na ndoo nikamkuta anaponda boga. Boga langu! La mwisho, nililolificha nyuma ya magunia niwapikie watoto mkate mtamu wa Krismasi. Alikuwa ameshalimaliza, limeiva, lina rangi ya dhahabu, analichanganya na pumba za nguruwe huku anaimba.

Nilifura. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia nguruwe ndiye mjukuu wake, wanangu ni mbwa wa jirani. Nilimwambia zulia halikutosha, sasa anataka kutuchomea na tumbo.

Akaweka mwiko chini taratibu. "Boga limeota kwenye shamba langu," akasema. "Wewe hapa uliingia na mikono miwili mitupu, Saveta. Hata mto wa kulalia nilikupa mimi."

Ni kweli. Nilitoka kwa watu maskini, na miaka kumi na minne hakuwahi kunikumbusha. Siku hiyo alinikumbusha, na mimi nikazimwaga zile ndoo mbili pale pale mlangoni, zikaganda mbele yake. Nikasema moyoni, Bwana wako Mkubwa akanywe uji wako. Ni majimaji, utamtosha.

Jioni aliniuliza kutoka chumbani kwake, "Maji umempa?"

"Nimempa."

Jumatano akauliza tena. Nikajibu vilevile. Alhamisi hakuuliza, aliniamini, akapasha sufuria lake la maji ya kabichi akampelekea akijishikilia ukutani. Jamani, sikutaka kumuua. Nilitaka tu kazi moja ya yule mama iharibike kidogo, nguruwe amkatalie chakula chake, aone. Hasira ikipoa kidogo nilikumbuka boga, ikapanda tena.

Ijumaa asubuhi nilikwenda mwenyewe bandani, na nilichokiona kilinitoa hasira yote. Nguruwe alikuwa amesimama, pua ameibana kwenye mbao, hageuki nikimwita. Hori la maji lilikuwa limeganda mpaka chini, na juu ya barafu kulikuwa na mikwaruzo ya meno na damu kidogo. Nilikimbia. Nilianguka mteremkoni, nikainuka, nikachota. Nilivunja barafu nikaitupa pembeni, nikamimina ndoo mbili. Akanywa bila kuinua kichwa. Nikaenda tena nikaleta mbili nyingine, akamaliza na hizo. Nikashusha pumzi. Nikasema haya, yameisha, na leo jioni nitamuomba mama msamaha.

Hayakupita masaa mawili tukamsikia akipiga ukuta. Alikuwa anazunguka banda kama kipofu, anasukuma kichwa kwenye kona, miguu ya mbele inateleza huku bado anasukuma. Kisha akakaa kitako kama mbwa, kichwa kikarudi nyuma, taya zikaanza kugongana, povu. Akaanguka ubavu, miguu ikikimbia hewani. Akatulia, akasimama, akaanza upya. Todosia alitoka na sufuria lake la moto mikononi, akasimama mlangoni pa banda. "Bwana Mkubwa," alisema. "Baba, una nini?"

Gavril alitaka kumchinja hapo hapo tuokoe nyama. Alishachukua kisu. Lakini daktari wa mifugo, Daktari Pop, alikuwa nyumba ya pili kwa ng'ombe wa jirani, akaja na mabuti yake akamzuia: hatujui huu ni ugonjwa gani, ukila utawazika na watoto. Tukasimama tukimtazama. Gavril alimwambia mama yake, "Wewe ingia ndani, unamshikilia." Todosia hakusogea. Roho haikumtoka mpaka saa sita mchana.

Daktari alimpasua, akanusa tumbo, akajiosha mikono kwa theluji. "Amekula nini?"

Todosia akamwambia kila kitu, hata ile konzi ya chumvi. Hakuficha chochote.

"Chumvi hiyo," daktari akasema. "Lakini chumvi peke yake haimuui nguruwe. Anakunywa, anakojoa, basi. Alikuwa na maji?"

Wote wakanitazama mimi. Gavril alikuwa bado ana kisu. Aliwahi kunipiga mara moja tu, mwaka wa pili wa ndoa, kwa sababu ya ndama niliyemwacha akaingia mtoni. Nilikula kwa upande mmoja wa mdomo wiki mbili. Mara moja inatosha kumfundisha mtu.

"Asubuhi na jioni," nikasema.

"Na kama angekosa?" Gavril akauliza.

"Akikosa siku mbili tatu, halafu mjinga mmoja akampa mengi kwa mpigo, ubongo unavimba. Anakufa hivi hivi ulivyomwona." Daktari akainua mabega. "Lakini mkeo anasema alikuwa nayo. Basi chumvi ilizidi mno."

Todosia alikuwa anaangalia chini, karibu na hori, pale nilipotupa vipande vya barafu. Aliviangalia kwa muda. Kisha akasema, "Ni mimi. Mkono wangu siku hizi haupimi."

Nyama ile ilikatazwa hata kupewa mbwa. Ardhi ilikuwa jiwe, ikabidi Gavril na majirani wawili wachome matairi juu yake tangu alasiri, kisha wachimbe kwa mitaimbo. Alipoingia ndani, mweusi wa masizi, hakuvua hata kofia. "Jumapili," akamwambia mama yake. Todosia akajibu, "Sawa, mwanangu," akaenda kufunga sanduku lake.

Jumapili Gavril alipokuwa anafunga mzigo kwenye gari la kuazima, mama alinishika mkono akanivuta nyuma ya lango. Alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Barafu ya hori ilikuwa nene kama mkate," akasema. "Barafu ya usiku mmoja siijui mimi? Nimevunja barafu miaka sitini."

Nilikosa pa kuweka macho. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Mkono wa Gavril ni mkono wa baba yake. Naujua kuliko wewe." Alinifunga vizuri kitambaa changu cha kichwa, kama mtoto. "Nimekupa nafasi, usikae nayo sana. Subiri hasira zimtoke, umwambie. Mimi nataka kufa nyumbani, Saveta. Umesikia? Kabla ya Pasaka mwambie."

"Nitamwambia."

"Haya." Akapanda gari. Hakuangalia nyuma, na mimi niliingia ndani kabla halijafika barabarani.

Siku ya Ignat bonde zima lilinuka nywele za nguruwe zikichomwa kwa majani makavu. Tulifunga madirisha. Majirani wakatuletea sahani za nyama ya kukaanga kama desturi, na watoto wangu wakala wakiwa wamesimama uani, haraka haraka, kana kwamba wameiba. Gavril hakugusa. Nikasema, leo siwezi kumwambia, mwache Krismasi ipite. Krismasi ikapita, tukala ugali na kabichi kutoka pipa lile lile. Nikasema baada ya mwaka mpya. Mwaka mpya Gavril alilewa. Januari alikuwa mpole, akatengeneza viatu vya watoto, na nikasema nitaharibuje amani hii? Unaona ninavyojua kutafuta sababu. Nilikuwa nazo nyingi kuliko viazi.

Todosia alituma salamu kwa dereva wa basi mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza kama theluji imekaa juu ya paa la banda. Mara ya pili aliuliza kama nimepata nafasi. "Nafasi ya nini?" dereva akaniuliza. Nikamwambia ni mambo ya wanawake. Mara ya tatu alituma tu kusema soksi zake za sufu zimetafunwa na nondo.

Wiki ya pili ya Kwaresima Paraschiva akatuita. Tulimkuta mama chumba cha ndani, kitanda kimebanwa kati ya kabati na ukuta, dirisha linatazama ghorofa nyingine. Siku ya tatu hali wala hanywi. Pumzi inakwenda, inasimama, ukidhani basi, inarudi kwa kukwaruza. Wanawake wanne wa jirani walikuwa wanasali, na mshumaa wa kumsindikiza umeshabadilishwa mara mbili. Kasisi alishampaka mafuta akaenda zake.

"Hafi," Paraschiva akasema, amechoka mpaka amekuwa mkali. "Maskini anateseka, roho haitoki."

Nilipiga magoti. Midomo yake ilikuwa imepasuka, mikavu. Nikamwinamia sikioni nikasema, "Mama, maji yale..." Nikaanza kulia, kwa sauti, sikuweza kujizuia. Akafumbua macho. Alinitazama, nina hakika alinitambua, na pumzi yake ikabadilika, ikaanza kuhangaika kama mtu anayetaka kuinuka.

"Toka!" Paraschiva akanidaka kiwiko. "Saveta, toka nje! Unamhurumia, unamshikilia! Hujui hata hilo?"

Wanawake wengine wakaitikia, ndiyo, atoke, atoke. Gavril alikuwa kwenye kona, kofia mkononi. Wakanitoa mpaka kwenye ngazi wakafunga mlango.

Nilisimama pale kwenye saruji, chini yangu ngazi za ghorofa nne. Nilijaribu kutomhurumia. Nilifikiria lile boga. Nilijilazimisha kukasirika, nikayarudia maneno yake ya mikono mitupu, moja moja, kwa nguvu, ili aachiwe aende. Nilikuwa bado nayarudia mlango ulipofunguliwa na Paraschiva akaniambia naweza kuingia sasa.

Jeneza halikuweza kukata kona za ngazi likiwa limelala. Ilibidi wanaume walisimamishe wima, na ndani tulimsikia akiteremka kidogo kila kona. Tuliazima gari lile lile la Desemba. Gavril aliendesha, mimi pembeni, mama nyuma yetu na sanduku lake.

Tulipopita mji nikamwambia. Nilimwambia kuhusu ndoo mbili nilizozimwaga mlangoni, na siku tatu, na ndoo nne za Ijumaa, na vile mama alivyoiona barafu akanyamaza. Nilipomaliza nilijikunja kwenye mlango nikisubiri mkono wake. Haukuja. Aliendesha mpaka tukapita kinu cha zamani, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Ungeniambia Krismasi," akasema, "ningekwenda kumchukua siku hiyo hiyo."

Kisha akabadilisha gia, tukaanza kupanda mlima.